Mtoto akiharisha tunakimbilia Flagyl: ni bakteria gani hasa wanaowaangusha watoto wetu?

#1 BintiMzizima
Wakuu, salaam. Naleta jambo linalonikera muda mrefu.

Huku kwetu Mbagala mtoto mdogo akianza kuharisha, safari ya kwanza ni duka la dawa. Mama anasema neno moja tu, "anaharisha", anarudi na Flagyl ya maji, mara nyingine na Septrin juu yake. Ukiuliza unaambiwa tumbo limechafuka, ana bakteria. Bakteria yupi? Hapo hakuna anayejibu. Nimesoma majina mengi: E. coli, Shigella, Salmonella, Campylobacter, na huyo wa kipindupindu tunayemjua wote. Hawa hawafanani, sasa inakuwaje chupa moja ya dawa iwatoshe wote?

Kwa watoto wa chini ya miaka miwili, nani anaongoza? Walioko maabara na wodini karibuni, wazazi pia semeni mliyoyaona.

#2 MzeeWaTandale
Binti, unatafuta mbali. Meno hayo. Nimelea watoto na sasa nalea wajukuu, sijaona aliyeota meno bila kuharisha. Wengine yanakuwa yale ya plastiki, yakitolewa mtoto anapona. Bakteria ni maneno ya kuuzia dawa.

#3 NesiWaZamu
Mzee wangu, shikamoo. Kwa hili la meno ya plastiki sitanyamaza. Wanachokitoa ni chipukizi la jino halali la mtoto, tena wanakwangua fizi kwa spoku ya baiskeli au kisu. Tunawapokea wodini wakiwa wamepungukiwa damu, fizi zimeoza, wengine na pepopunda. Na kuharisha kulikowapeleka huko bado kunaendelea.

Meno ya kawaida yanaanza karibu na miezi sita. Umri huohuo mtoto anaanza uji, anatambaa, kila anachookota kinaingia mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inazidi kupungua. Vyote vinakuja pamoja, lawama inabebwa na jino kwa sababu ndilo linaloonekana.

#4 MamaPacha
Nesi, kwetu ukweni wanasema mtoto akiharisha na kukonda amebemendwa, wazazi hawakuvumilia. Nilishutumiwa hivyo mbele ya watu, na mume alikuwa safarini! Pacha mmoja ndiye aliyeumwa, mwenzake mzima kabisa. Kama ni kubemenda angebemendwa mmoja tu?

#5 Hadubini
Nafanya kazi maabara, nijaribu kumjibu mleta uzi.

Kwanza, ukisikia "tumeona bakteria kwenye choo", hiyo siyo habari. Choo cha mtu yeyote, mgonjwa au mzima, kimejaa bakteria. Darubini inaonyesha amiba, Giardia, mayai ya minyoo, chembe za usaha na damu. Haiwezi kukuambia huyu E. coli ni mwema au ni mbaya, wote wanafanana.

E. coli wenyewe ni ukoo mkubwa. Theodor Escherich aliwaeleza mwaka 1885 akichunguza vyoo vya watoto wachanga, na wengi wao tunaishi nao salama. Wabaya wako wa makundi kadhaa. ETEC anatoa sumu, na mojawapo ya sumu zake inafanana sana na ya kipindupindu, kwa hiyo mtoto anamwaga maji matupu. EPEC anapenda sana watoto wa chini ya mwaka mmoja. EAEC mara nyingi ndiye yule wa kuharisha kusikoisha haraka. Ukiotesha choo kwa njia ya kawaida, yaani kuwakuza bakteria wake maabara, unapata jibu "E. coli" basi. Kujua ni wa kundi gani unahitaji PCR, kipimo cha vinasaba, na hiyo hospitali nyingi hawafanyi kwa mtoto anayeharisha.

Shigella ndiye wa damu na makamasi, pamoja na homa na mtoto kujikamua bila kutoa kitu. Kiyoshi Shiga alimgundua Japani mwaka 1897. Ubaya wake ni idadi: bakteria 10 hadi 100 wanatosha kuangusha mtu. Wa kipindupindu kwa kawaida wanahitajika mamilioni, maana asidi ya tumbo inawaua wengi. Ndiyo maana Shigella anapita kwa mikono tu, kutoka kwa dada kwenda kwa mdogo wake, hata kama maji ya kunywa yamechemshwa.

Campylobacter tunamhusisha sana na kuku. Salmonella wasio wa taifodi nao wapo, na kwa mtoto mwenye utapiamlo, selimundu au aliyetoka kuugua malaria kali wanaweza kuingia kwenye damu, hapo habari inakuwa nyingine kabisa.

Kuhusu Flagyl: inaua amiba, Giardia, na bakteria wasiotumia hewa. Shigella, E. coli, Salmonella na Campylobacter haiwatibu. Nimemaliza.

#6 BintiMzizima
Asante Hadubini. Kwa hiyo chupa zote hizo mtaani hazimgusi hata mmoja niliyemtaja!

#7 JaSiaya
Niko Siaya, Kenya. Hapa kwetu ulifanyika utafiti mkubwa ulioitwa GEMS, kati ya 2007 na 2011. Nchi zilikuwa saba: Kenya, Mali, Gambia, Msumbiji, India, Bangladesh na Pakistan. Kwa kila mtoto mgonjwa walitafuta na mtoto mzima wa umri huohuo kutoka maeneo ya jirani, wakapima vyoo vyote. Matokeo yalitoka 2013: kesi nyingi zilizoweza kuhusishwa na kimelea fulani zilitokana na vinne tu, yaani rota, Cryptosporidium, ETEC na Shigella.

Sasa ona: rota ni kirusi, na kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja ndiye aliyeongoza kila kituo. Cryptosporidium si bakteria wala si kirusi, ni kimelea cha chembe moja. Mleta uzi ameuliza bakteria gani, lakini kwa mtoto mchanga huenda jibu la kwanza si bakteria kabisa.

#8 Hadubini
JaSiaya, hayo ni matokeo ya kwanza. Sampuli zilezile zilipimwa upya kwa PCR, majibu yakatoka 2016, na Shigella akapanda hadi nafasi ya juu kabisa. Adenovirus, ambaye ni kirusi, na Campylobacter nao wakaingia kwenye kundi la wakubwa. Kuotesha kulikuwa kunamkosa Shigella mara nyingi, kwa sababu anakufa upesi nje ya mwili.

Halafu sampuli hizo nyingi ni za kabla ya chanjo ya rota. Tanzania tulianza kuichanja 2013, Kenya 2014. Chanjo inapunguza rota kali, kwa hiyo sehemu ya bakteria katika wagonjwa waliobaki lazima ibadilike.

#9 Ngosha
Mbona kipindupindu mnampitia juujuu? Mlipuko ulioanzia Dar Agosti 2015 ulifika karibu nchi nzima, na huku kwetu kandokando ya ziwa tunamwona akirudi. Mtoto anatoa choo kama maji ya mchele, asubuhi anacheza, jioni macho yameingia ndani. Hao wengine mnaowahesabu ni wapole ukilinganisha.

#10 NesiWaZamu
Ngosha, kwa kasi uko sahihi. Lakini mwaka usio na mlipuko wodi ya watoto haikai tupu. Hao unaowaita wapole wanakuja kila siku, mmoja mmoja, bila redio kutangaza. ETEC akimpata mtoto wa miezi minane asiyepewa maji ya kutosha, anamfikisha palepale.

Sisi mapokezi hatuanzi na jina la kimelea. Tunaangalia mtoto: macho yamezama? Ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole? Anakunywa kwa pupa, au ameshalegea hawezi kunywa? Hapo ndipo uamuzi unafanyika. ORS inaanza na zinki inaanza. Zinki ni siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi sita, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Akina mama wengi wanaacha hapo kwenye siku ya tatu.

#11 MzeeWaTandale
Marahaba mwanangu. Lakini hiyo ORS mjukuu alipewa na hakuacha kuharisha. Dawa gani hiyo? Dafu linashinda.

#12 Hadubini
Mzee, ORS haikutengenezwa kuzuia choo, kazi yake ni kurudisha maji na chumvi zinazotoka. Sumu ya kipindupindu au ya ETEC inaufanya utumbo umwage chumvi, na maji yanaifuata. Ila kuna mlango mmoja sumu hiyo haiufungi: ule unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Ukinywesha sukari na chumvi kwa kipimo sahihi, vinaingia pamoja na kuvuta maji. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vikiendelea, Dk. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wakimbizi wenye kipindupindu maji ya aina hii katika kambi ya Bangaon, India, kwa sababu dripu zilikuwa zinakwisha. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Walionywesha wengi walikuwa ndugu wa wagonjwa, si madaktari.

Dafu lina potasiamu nyingi na chumvi ya kawaida kidogo. Kunywa si vibaya, lakini kwa mtoto aliyekauka halichukui nafasi ya ORS.

#13 Muuza_Dawa
Nina duka la dawa, naona nimesemwa tangu bandiko la kwanza. Nisikilizeni na mimi.

Mama anaingia, mtoto mgongoni. Namwambia chukua ORS na zinki. Ananijibu, "hiyo chumvi tu, nipe dawa." Nikimkatalia Flagyl anavuka barabara, duka la pili anapewa. Siku nyingine anarudi kunilaumu kwamba nilimficha dawa. Wengine wanakuja na cheti kutoka zahanati, Flagyl imeandikwa na mganga. Mimi nimkatalie mganga?

Nimeanza kuwakorogea ORS palepale dukani, mtoto anakunywa kwa kijiko wakiwa wamekaa. Akiona mtoto amechangamka, mama anaikubali. Lakini inachukua muda na foleni iko nje.

#14 MamaPacha
Hongera sana Muuza_Dawa. Tuelekeze na kipimo, maana mtaani kwangu wanakoroga pakiti moja kwenye kikombe.

#15 NesiWaZamu
Hilo ni hatari, chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Soma pakiti. Za lita moja ni lita moja kamili ya maji safi, na zipo za nusu lita, msizichanganye. Ikikosekana pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi, kidogokidogo. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole. Titi lisisimame. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

#16 MwanaTanga
Turudi kwenye chanzo. Mimi nasema ni maji. Kwetu mvua za masika zikianza, visima vya uani vinapokea kila kitu kutoka mashimo ya vyoo ya jirani, na wiki hizohizo watoto mtaa mzima wanaharisha. Tibuni maji, uzi huu utafungwa.

#17 JaSiaya
MwanaTanga, natamani ingekuwa rahisi hivyo. Bungoma, Kakamega na Vihiga walifanya jaribio kubwa, matokeo yakachapishwa 2018. Vijiji vingine vilipewa klorini ya maji, vingine vyoo bora, vingine vifaa vya kunawa mikono, vingine vyote kwa pamoja. Kuharisha kwa watoto hakukupungua ukilinganisha na vijiji ambavyo havikupewa chochote.

#18 MwanaTanga
Unataka kusema tuache kunawa mikono na kutibu maji? Watu wakisoma hapa watafanya hivyo kweli.

#19 JaSiaya
Hapana, kaka. Jaribio kama hilo lilifanyika Bangladesh na huko kuharisha kulipungua. Kwa hiyo swali ni kwa nini Kenya halikufanya kazi. Wapo wanaosema watu hawakuitumia klorini kila siku, na wapo wanaosema uchafu uliozunguka mtoto ulikuwa mwingi kiasi kwamba kuziba njia moja au mbili hakukutosha. Mimi naegemea kwenye mifugo. Vyoo vile vilizuia kinyesi cha watu. Kinyesi cha kuku uani kilibaki, na mtoto anatambaa humohumo.

#20 Hadubini
Hoja ya kuku ina uzito kwa Campylobacter. Kwenye utafiti mwingine wa nchi nane, MAL-ED, ambao kituo chake cha Tanzania kilikuwa Haydom, Manyara, Campylobacter alionekana sana kwa watoto wadogo. Tatizo ni kwamba wengi waliokuwa naye hawakuwa wanaharisha, ingawa kubeba mzigo huo mara kwa mara kulihusishwa na kudumaa. Lakini kuku hawaelezi Shigella. Yule makazi yake ni binadamu. Hapo tafuta mikono ya mtu.

#21 MamaPacha
Na uji mbona hamuutaji? Sisi tunaofanya kazi tunapika alfajiri, tunaweka kwenye chupa ya chai, dada anampa mtoto saa nne, saa saba na saa kumi. Ule wa saa kumi ni vuguvugu. Wa kwangu aliyekuwa anaumwa ndiye mlaji mzuri, anamaliza na wa mwenzake. Nilipoanza kuomba uji upikwe mara mbili nikaona mabadiliko, ila siwezi kuapa kwamba ni hilo peke yake, maana miezi hiyohiyo tulibadilisha na chanzo cha maji.

#22 DaktariWaKata
MamaPacha amegusa penye uzito, na naona ajabu tumefika bandiko la 21 kabla ya kufika hapo. Uji uliokuwa wa moto unaposhuka chini ya nyuzi 60 unaanza kuwa shamba la bakteria. E. coli akipata joto na chakula anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Wachache walioingia na kijiko asubuhi, mchana ni mamilioni. Hivyo ndivyo ETEC, ambaye anahitaji idadi kubwa ili mtu augue, anavyoipata idadi hiyo. Chupa za kunyonyea ni mbaya zaidi, ile chuchu haisafishiki vizuri. Kikombe na kijiko ni salama kuliko chupa.

Nimalizie na dawa. Kuharisha damu ndiko kunakohitaji antibayotiki moja kwa moja, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaanza na ciprofloxacin, siyo Flagyl. Kipindupindu nacho kina dawa zake. Kuharisha maji kwa kawaida, hapana. Kuna jaribio la antibayotiki ya azithromycin kwa zaidi ya watoto 8,000 katika nchi saba, Tanzania na Kenya zikiwemo, wote wakiwa na kuharisha maji pamoja na dalili za kukauka au utapiamlo. Majibu ya 2021: vifo ndani ya siku 180 havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemeka na waliopewa dawa bandia juu ya ORS na zinki. Na kuna E. coli wachache wanaotoa sumu inayoharibu figo, ambao antibayotiki zinaweza kuwachochea. Dawa za kufunga choo kama loperamide mtoto asipewe kabisa.

#23 Ngosha
Daktari, na taifodi? Wa kwangu aliharisha tu, zahanati fulani wakampima Widal, kile kipimo cha damu, wakasema taifodi, akachomwa sindano siku kadhaa.

#24 DaktariWaKata
Widal moja tu kwa mtoto anayeharisha haithibitishi kitu, maana inaweza kusoma chanya kwa sababu nyingine nyingi. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu.

#25 Mnyalukolo
Kamwene kutoka Iringa. Mmefika kwenye uji bila kuita togwa? Miaka ya 90 hapa Tanzania walifanya tafiti: watoto waliopewa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wa uji wa kawaida, na vyooni mwao wale bakteria wabaya, Shigella na wenzake, walipungua. Ule uchachu ni asidi, na bakteria wengi wa kuharisha hawaistahimili. Bibi zetu walikuwa wanauacha uji mezani mpaka kesho na watoto wanakua.

#26 MngoniHalisi
Togwa ya Iringa ni maji ya kuoshea sufuria. Njooni Songea mnywe togwa.

#27 Mnyalukolo
Ya kwenu, mkuu, ikikaa siku moja zaidi mtoto anaimba. Kwa watoto ni ya Iringa.

#28 MamaPacha
Jamani acheni ugomvi, leteni namna ya kutengeneza.

#29 Mnyalukolo
Pika uji wa mahindi uive kabisa, uache upoe hadi vuguvugu. Koroga unga wa kimea cha ulezi kidogo, unakuwa mwepesi hapohapo. Tia togwa ya jana kama mbegu, funika, kesho umechacha. Cha kuzingatia: usiongeze maji mabichi ukishachacha, na usimpe mtoto uliokaa siku nyingi ukaanza kulewesha.

#30 NesiWaZamu
Na uwe wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Kabla ya hapo ni titi tu, hata maji hapana.

#31 MzeeWaTandale
Nimewasoma wote. Maji, kuku, uji, mikono, kirusi, kila mmoja ana lake. Basi na mimi niachieni meno yangu, ila hayo ya spoku nimesikia, hapa nyumbani hakuna atakayekwanguliwa. JaSiaya, nijibu: hao kuku wa Kakamega wanalala wapi?

#32 JaSiaya
Mzee, shikamoo. Utafiti ule haukulenga kuku. Ila nyumba nyingi upande wetu, usiku wanaingizwa jikoni kwa hofu ya wezi na vicheche. Asubuhi panafagiliwa, na hapohapo ndipo mtoto anaketishwa kula.

#33 BintiMzizima
Mbagala hatufugi kuku ndani na watoto wanaharisha vilevile. Hadubini, nikitaka kujua wa mwanangu ni yupi safari hii, nifanye nini?

#34 Hadubini
Peleka choo kabla hajameza antibayotiki yoyote, maana ukishampa dawa, tukiotesha hatupati kitu. Kichukuliwe kikiwa kibichi, kwenye kopo safi la hospitali, kifike maabara ndani ya saa mbili. Kilichokauka kwenye nepi ya jana hakifai, Shigella atakuwa ameshakufa. Uliza kama wanaotesha, kwa sababu zahanati nyingi zinaishia kwenye darubini. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo ya kujaribu. Jibu linachukua siku mbili hadi tatu. ORS ianze leo, isisubiri jibu.